Chongo na Kona ya Jangwani

Jumapili, 22 Machi

Shuleni Madam Theopista ametuambia tuandike shajara kwa Kiingereza, kurasa mbili kwa wiki, atakuwa anasahihisha. Hiyo naiandika. Humo naamka, napiga mswaki, naenda shule, narudi. Hii ya pili naiandika kwa Kiswahili na hakuna wa kuisahihisha, kwa hiyo humu nitasema kweli.

Kweli ya kwanza: mimi nina aibu. Darasani nikiulizwa kwa Kiingereza nanyamaza. Nyumbani wakija wageni wakaniuliza kwa Kiswahili nanyamaza pia. Fikirini, mtoto wa Mjomba Awadhi, anasema Sitara amesomea kunyamaza kwa lugha mbili na zote amefaulu.

Kweli ya pili: leo nimeona kitu na tangu hapo sijatulia.

Mjomba Awadhi anasuka upya nyaya za mota za pampu, mtaani Gerezani, karibu na Kariakoo. Masika ikianza, watu wanakinga maji ya mvua, pampu hawazikumbuki, na meza yake kubwa inabaki tupu. Leo mimi na Mama tumempelekea visheti vya Idi tukakuta meza imejaa barabara. Barabara ya plastiki nyeusi, imezunguka kama nyoka aliyeshiba, ina mifereji miwili. Kaipata kwenye mzigo wa mitumba, ndani ya boksi lililokuwa na magari sita madogo, kila moja linakaa kiganjani. Gari lina kiulimi chini ya pua, kinaingia mferejini. Pembeni ya mfereji kuna tepe za chuma zenye umeme. Unashika kitu kama bastola, ukibana, gari linaondoka. Ukibana sana kwenye kona, linaruka.

Mjomba alibana kidogo. Gari likaenda likivuma kama nzi kwenye chupa. Nikacheka kwa sauti. Fikirini akanigeukia kana kwamba paka kasema.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Shule. Sikuulizwa kitu, alhamdulillah.

Jumapili, 29 Machi

Mjomba ametangaza utaratibu. Kila Jumapili mchana tunashindana wawili wawili, sisi watoto wa hapo mtaani. Masika ikiisha, barabara inafungwa, na bingwa anachagua gari moja kwenye boksi, lolote, hata ambalo si la kwake, anaondoka nalo. Mengine yanabaki kwa Mjomba.

Halafu akaweka sheria iliyoniua. Kabla ya kushindana, kila dereva analinadi gari lake kwa sauti, kama wanavyonadi Kariakoo. Asiyenadi haendeshi.

"Hapa ni mjini," alisema Mjomba. "Mali isiyonadiwa ni takataka."

Fikirini alipanda kwenye stuli akanadi vizuri tu. Halafu akasimama Filbert. Huyu kaja Januari kutoka Tabora, anakaa kwa shangazi yake mtaa wa Msimbazi, anakuja akitoka kanisani na shati limenyooshwa. Akanadi: "Gari limetoka bara, halijui kiu. Likifika kwenye kona, kona inaomba radhi." Wote hoi.

Zamu yangu ilipofika nilisema nina kikohozi.

Nimelichagua gari ambalo hakuna aliyelitaka. La buluu, limepauka, taa moja ya mbele imeng'oka. Tumeliita Chongo. Tumekubaliana na Fikirini: mimi nalitengeneza, yeye analinadi na kuliendesha. Leo limeruka kwenye kila kona na kumalizia mashindano yake chini ya meza.

Kona ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Juu yake bati linavuja, na Mama ametoa beseni moja kati ya yale anayouza kukinga matone. Tumeiita Kona ya Jangwani, kama lile bonde la Jangwani linalofurika, kwa sababu masika kila anayepita pale anajua hatafika.

Jumatano, 1 Aprili

Leo tairi. Nimegundua matairi ya nyuma ya Chongo si mviringo kamili, yana vinundu. Nikabandika msasa mezani, nikaliwasha gari na kuligusisha matairi juu ya msasa yakiwa yanazunguka. Vumbi jeusi, harufu ya mpira, mikono kama ya fundi gereji. Nilipomaliza yalikuwa yamekaa chini yote, sawasawa.

Kesho kwenye Fizikia tuna msuguano. Najua nitanyamaza.

Ijumaa, 3 Aprili

Jana kwenye Fizikia nilinyamaza.

Jumapili, 5 Aprili (Pasaka)

Lazima niandike kuhusu spika, maana leo nimekasirika.

Mama anauza mabeseni na ndoo mtaa wa Kongo. Kama wenzake wote ana spika ya betri inayojirudia kutwa. Kila mtu pale anaijua: "Beseni la mvua, beseni la jua, beseni la mtoto kuogea. Kushika bure, kuangalia bure, kuondoka bila beseni ndiyo hasara." Sauti inacheka kidogo kwenye *hasara*. Watu wanasema Mama kamlipa mtangazaji.

Sauti ni yangu. Niliirekodi mwaka jana nikiwa nimejifunika shuka, mlango umefungwa, Mama amekaa nje kuhakikisha hapiti mtu. Hajui mwingine yeyote, hata Fikirini.

Leo Filbert kaja kutoka misa ya Pasaka, kachangamka, anazunguka meza anaigiza: "Kuondoka bila beseni ndiyo hasaraaa." Kila mtu anacheka. Kaigiza vizuri, hata kile kicheko. Mimi nilikuwa nasafisha visuka vya shaba vinavyokamata umeme chini ya Chongo kwa mswaki na spiriti, na masikio yakawa ya moto. Nilidhani kajua, ananicheka.

Halafu akafungua kikopo changu akachukua visheti vilivyobaki, vyote, akala.

Jioni nikamwambia Mama. Mama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mnyamwezi huyo si mtani wako? Sisi Wazaramo na wao tumetaniana tangu babu zao wanabeba mizigo kuja pwani. Mtani akichukua chako hukasiriki, mwanangu. Ukikasirika umeshindwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Unasubiri zamu yako."

Jumanne, 7 Aprili

Mvua usiku kucha. Mabasi ya mwendokasi yamesimamishwa, bonde la Jangwani limejaa maji. Tumerudi kutoka shule kwa miguu, viatu mkononi.

Jumapili, 12 Aprili

Filbert amechukua mwavuli wangu. Kanisimamisha mlangoni pa Mjomba, akaniamkia kama mtu mzima. "Shikamoo, bibi mtani." Nikajikuta nimeitika "Marahaba" kabla sijafikiri. Akaondoka na mwavuli. Nimerudi nyumbani kama kitambaa cha deki.

Chongo limepata nafasi ya tatu. Matairi yanashika, lakini Jangwani bado linaruka.

Jumamosi, 18 Aprili

Wazo kubwa. Magari haya yana sumaku ndogo chini, inayovuta zile tepe za chuma ili gari lisiruke. Ya Chongo imechoka. Nikavunja spika mbovu ya Mama, ile ya zamani, nikatoa sumaku yake, nikaipasua, nikabandika kipande.

Jumapili, 19 Aprili

Aibu. Fikirini kanadi kwa mbwembwe: "Lina jicho moja, lingine kalifumba kwa dharau." Akabana bastola. Chongo halikutikisika. Sumaku imeing'ang'ania barabara kama kupe. Mota ikaunguruma, ikatoa moshi.

"Limeingia kwenye foleni," alisema Filbert.

Mjomba akaja akanusa. Hakunigombeza. Alisema tu mota haijaungua, imetishika, iache ipoe. Nimekaa nayo mapajani dakika nyingi kama mtu aliyepakata mtoto mwenye homa.

Filbert akaja kukaa karibu. Nikajiandaa kwa maneno. Akasema taratibu, "Punguza kipande, usikitoe. Wazo lako zuri." Halafu akanirudishia mwavuli. Halafu akauchukua tena alipoondoka.

Huyu mtu simwelewi.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimesaga sumaku mpaka imebaki kama punje ya mahindi. Nikaweka kipande cha kadi ya simu chini yake, ili nikitaka iwe mbali zaidi na barabara naongeza kadi, nikitaka karibu natoa. Gia zilikuwa zinapiga kelele, nikazipaka dawa ya meno nikaziacha zisagane, nikaziosha. Sasa zinanong'ona. Mama kauliza kwa nini dawa ya meno inakwisha hivi.

Jumapili, 26 Aprili

Wa pili! Filbert tu ndiye aliyetupita, tena kwa sababu Fikirini kabana mpaka mwisho Jangwani. Yeye hajui kuachia. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, kidole changu kinabana hewa, kinaachia, kinabana. Najua hasa pa kuachia: pale kwenye kile kiraka cha gundi, kabla ya beseni.

Wakati wa kufunga Filbert kasema mbele ya wote, "Nikiwa bingwa nachagua Chongo. Msinilaumu."

Sheria ni sheria. Bingwa anachagua lolote. Leo sitalala. Hilo gari nimelisaga, nimelisugua, nimelipooza kwa pumzi yangu. Na kama Fikirini ndiye anayeliendesha, litaondoka mfukoni mwa Mnyamwezi, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma nikibana hewa.

Jumatatu, 27 Aprili

Nimemwambia Fikirini nataka kuliendesha mwenyewe siku ya mwisho.

"Utanadi?"

"Sijui."

"Sitara, usinadi kwa kunong'ona. Mjomba, yaani baba, hatakubali." Halafu akasema jambo zuri, na Fikirini hasemi mazuri mara nyingi: "Mimi naliendesha kama nakimbizwa. Wewe ungeliendesha kama unalijua."

Jumapili, 3 Mei

Mvua kubwa, hakuna mashindano. Nimejifungia chooni kujaribu kunadi. Jirani akagonga kuuliza kama naumwa.

Jumatano, 6 Mei

Kosa langu bora kuliko yote.

Nilifungua bodi ya Chongo pale kwa Mjomba kupaka mota tone la mafuta. Mama akaniita mlangoni, nikarudisha bodi harakaharaka, sikukaza skrubu. Nilipokumbuka, nilikuwa tayari nimeliendesha barabarani na limepita Jangwani bila kuruka. Nikajaribu tena. Likapita. Bodi inachezacheza kidogo kama kofia kubwa, lakini magurudumu yamelala chini.

Mjomba alikuja akatazama. "Ukikaza kila kitu, gari likiinama kwenye kona linainama lote. Ukiacha bodi icheze, yenyewe inayumba, magurudumu yanabaki na kazi yao. Nani kakufundisha?"

"Nilisahau kukaza."

"Basi usikumbuke," akasema.

Nimerudi nyumbani nafikiria skrubu zangu mimi. Nadhani zimekazwa zote.

Jumapili, 10 Mei

Nusu fainali. Fikirini kanadi, kaendesha, na kwa mara ya kwanza Chongo limepita Jangwani kila mzunguko, hata yeye akibana. Fainali Jumapili ijayo: Chongo na gari la Filbert. Mjomba kaniangalia, sio Fikirini. "Nani ataendesha?"

Nikanyoosha kidole kama darasani. Filbert akasema, "Kidole hakinadi, mtani."

Jumamosi, 16 Mei

Nimepata njia. Sheria inasema kunadi kwa sauti. Haikusema sauti itoke mdomoni hapohapo.

Spika ya Mama. Amefunga biashara mapema kwa mvua, amelala. Nimejifunika shuka nikarekodi nadi ya Chongo juu ya ile ya mabeseni, maana spika yenyewe inashika rekodi moja tu. Kesho jioni nitairekodi upya ya mabeseni kabla ya Jumatatu. Nimesikiliza mara nyingi. Imekaa vizuri. Nimecheka kidogo mwishoni, sikukusudia.

Jumapili, 17 Mei

Naandika hii na mkono bado una harufu ya spiriti.

Karakana ilijaa. Mvua ilikuwa ya mwishomwisho, ile inayonyesha huku jua linachungulia, lakini bati lilikuwa bado linavuja ndani ya beseni, ta, ta, ta. Hata Mama alikuja, kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Filbert akamwamkia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekuja kubeba mzigo gani, Mnyamwezi?"

"Nimekuja kubeba gari la binti yako, mama. Nyie Wazaramo kazi yenu ngoma, gari mtalipeleka wapi?"

Wakacheka wote wawili kama ndugu. Filbert akanadi kwanza. Gari lake kona zinaliomba radhi, reli ya kati inalionea wivu, na kadhalika. Makofi.

Kisha Mjomba akasema, "Sitara."

Nikatoa spika kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka mezani, nikabonyeza. Sauti ikajaa karakana:

"Gari la mvua, gari la jua, jicho lake moja linaona kuliko yenu mawili. Kushika bure, kuangalia bure, kushindana nalo ndiyo..."

Ikakoroma. Taa nyekundu. Ikazima.

Nilikuwa nimeirekodi, nikaisikiliza mara zote zile, sikuichaji.

Ta, ta, ta kwenye beseni.

"Nadi haijaisha," alisema Filbert. "Ndiyo nini? Na jina la gari halijatajwa."

Mjomba alikuna kidevu. "Kweli, haijaisha."

Nikaangalia Chongo pale kwenye mfereji, bodi yake imelegea, jicho lake moja linanitazama. Nikawaza: neno moja limebaki. Neno moja na jina. Nikafungua mdomo.

"Hasara," nikasema. "Kushindana nalo ndiyo hasara. Linaitwa Chongo."

Filbert akaweka bastola chini. Alikuwa ananitazama kama aliyeona mtu wa kwao stesheni.

"Sema tena hasara."

"Hasara."

"Mama yangu," akasema. "Beseni ni wewe."

Karakana ikalipuka. Fikirini anapiga meza, anasema haiwezekani, mwaka mzima anaisikia sauti hiyo. Mama kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Na mimi nilitaka meza inimeze, lakini Filbert hakuwa anacheka. Akasema, siyo kwa kupaza sauti, kwangu tu:

"Nilipofika Januari nilipotea mtaa wa Kongo. Watu wengi, nikashindwa hata kuuliza, niliogopa watanicheka ninavyoongea. Shangazi akaniambia ukipotea tafuta sauti ya beseni, ukiipata uko karibu na nyumbani. Nimeifuata hiyo sauti wiki nzima. Nimejifunza kunadi kwa hiyo."

Kumbe alikuwa haigizi kunicheka. Alikuwa ananukuu.

"Tushindane au tulie?" Mjomba akauliza.

Tukashindana. Mizunguko kumi. Siwezi kueleza jinsi kidole kinavyojua. Nilibana, nikaachia kwenye kiraka cha gundi, Jangwani likapita bodi ikiyumba kama mwanamke wa pwani anayekwenda harusini. Filbert nyuma yangu. Mzunguko wa tano, wa saba, bado yuko nyuma. Watu wanapiga kelele majina yote mawili. Mzunguko wa mwisho nilikuwa mbele kwa urefu wa gari, na Fikirini akaanza kuimba kwa sauti ya pua, "kushindana nalo ndiyo hasara," na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, mdomo wazi, na kidole kikasahau kuachia.

Chongo likaruka Jangwani kama samaki, likadumbukia ndani ya beseni.

Filbert akapita. Bingwa.

Alichofanya kwanza ni kuingiza mkono kwenye beseni, akatoa Chongo, akalikung'uta, akalifuta kwa shati lake la kanisani. "Nachagua hili," akasema. "Ndilo bora, hata likinywa maji." Akalitia kwenye mfuko wa shati. Jicho moja likachungulia nje.

Hakuna aliyecheka. Fikirini akanitazama, halafu akatazama chini. Mama alinitazama yeye, moja kwa moja, na hakusema kitu. Lakini nilimsikia. Nilimsikia tangu Pasaka: unasubiri zamu yako.

Nikamsogelea Filbert, nikaingiza mkono mfukoni mwake, nikachukua gari langu.

"Asante kwa kunibebea, mtani," nikasema. "Babu zako pia walibeba vizuri."

Nilisema kwa sauti. Karakana nzima ilisikia. Filbert akamgeukia Mjomba kama anayetafuta mwamuzi.

"Ya watani siingilii," alisema Mjomba.

"Nimeibiwa mchana," alisema Filbert. "Na siruhusiwi hata kukasirika." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akachuchumaa. Aliposimama akaenda kwenye Kona ya Jangwani, akamwaga maji mlangoni, akageuza beseni akalivaa kichwani.

"Weka beseni la watu," Mama akasema.

"Kuondoka bila beseni, mama, unajua mwenyewe."

Akatoka nalo kwenye mvua, Gerezani yote inamwona, bingwa wa masika. Nyuma yetu bati likaanza kudondokea barabara tupu, na Mjomba akachomoa waya.

Jumatatu, 18 Mei

Jua. Nimesahau kurekodi upya. Mama kachaji spika asubuhi, akaiwasha bila kusikiliza, akaenda kunywa chai. Imeshinda inauza gari mtaa wa Kongo mpaka nilipotoka shule. Nimekuta wateja wawili wanamuuliza Mama Chongo ni shilingi ngapi.

Nilikuwa nimelishika. Nikawajibu mwenyewe, palepale barabarani, haliuzwi.